Kwa Paskalina, Anayekwenda Kuuza Baiskeli

Mwanangu Paskalina,

Umeenda kumuaga bibi yako, na kwa ninavyomjua hatakuachia mapema. Baba yako yuko zizini. Nimekaa hapa mlangoni penye mwanga, nimepata nafasi ya kukuandikia yale ambayo kesho asubuhi pale stendi sitaweza kuyasema.

Mambo ya safari shangazi yako amekwisha kukueleza, wapi ushuke, nani atakupokea, namna ya kulifunga hilo sanduku. Sitayarudia. Nataka turudi siku uliyoleta habari kwamba umepata kazi ya kuuza dukani Arusha, tena duka la baiskeli na vipuri. Niliendelea kukamua, ukaniuliza, "Mama, hukufurahi?" Nikakujibu kwamba nimefurahi, na ni kweli. Lakini uliposema "duka la baiskeli" ilinirudia hasira ambayo nilidhani imekwisha. Haijaisha. Ninaandika nikiwa nayo, wala sitaificha.

Wewe unakwenda kusimama ndani ya kaunta. Mimi nilisimama nje yake, na nataka ujue huku nje kulikuwaje.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, unaikumbuka kidogo. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, na baiskeli ilikuwa kitu cha kusikia kwamba fulani ameipata. Mimi nilikuwa nauza maziwa Karatu mjini. Kila asubuhi nilitoka hapa na dumu kichwani na jingine mkononi, na nikifika jua limepanda maziwa yalikuwa yameanza kugeuka. Wateja wangu wa hotelini walikuwa wakinusa kwanza ndipo wapokee. Nikamwambia baba yako tununue baiskeli. Akasema, "Mimi sijui kuendesha." Nikamwambia, "Najua mimi." Nilijifunza nikiwa msichana, nilipokuwa nafua nguo misheni. Sista mmoja alikuwa na baiskeli, akanishikia kiti nyuma mpaka nikaweza kwenda mwenyewe. Baba yako alicheka, halafu akasema basi tuuze yule fahali mweusi.

Duka lilikuwa moja tu, karibu na stendi, la mtu anayeitwa Gaspari. Siku hizi halipo, pale pana mashine ya kusaga. Nilipokwenda mara ya kwanza nilimkuta amekaa, anakunywa chai. Nikamsalimu, akaitikia bila kuinua macho. Nikamwambia nataka baiskeli. Akasema, "Mwambie mzee aje." Nikamwambia mzee yupo kazini, shamba la kahawa, na baiskeli ni ya kwangu. Ndipo akaniangalia. "Ya kwako kufanyia nini?" Nikasema kubebea maziwa. Akawageukia watu waliokuwa wamekaa kwenye benchi na kuwaambia, "Mnasikia? Mama anataka kupanda." Wakacheka, na unajua walivyocheka. Mimi nilikuwa na heshima zangu, mama wa watoto, wakanicheka kwa neno moja la kipuuzi.

Nikaambiwa njoo wiki ijayo. Wiki iliyofuata nikaambiwa mzigo haujafika. Nikarudi tena, nikaambiwa umefika na umekwisha. Na pale pale, nikiwa nimesimama, akaingia karani mmoja wa ofisi aliyevaa viatu vizuri, akapelekwa nyuma, akatoka na baiskeli bado imefungwa makaratasi. Nikamuuliza Gaspari, "Hiyo je?" Akasema, "Mama, usinifundishe kazi."

Siku hiyo hiyo ndipo nilipomwona Lemayian kwa mara ya kwanza. Lemayian ni yule mzee Mmasai aliyekuwa anakuja hapa na asali, uliyekuwa ukimkimbilia. Wakati huo sikumjua. Alikuwa ameteremka na lori kutoka juu Ngorongoro, akitafuta tyubu ya baiskeli ya mdogo wake ambaye ni mwalimu. Alipotaka kuingia, Gaspari akanyoosha mkono. "Simama hapo hapo nje. Utanitilia mafuta kwenye vitu." Mtu mzima, mwenye wajukuu, akasimama juani. Akatupiwa tyubu ndani ya pakiti. Akaifungua palepale kwa sababu safari ya kurudi ilikuwa ndefu, akaipuliza kwa mdomo, akaiweka shavuni. Ilikuwa na kiraka. Akasema kwa Kiswahili chake cha polepole, "Hii napumua." Gaspari akamwambia, "Umeitoboa kwa mkuki wako. Mali ikitoka kaunta hairudi."

 Lemayian akaikunja ile tyubu vizuri kabisa, akaitia kwenye mkoba, akaondoka. Watu wa kwenye benchi wakasema Wamasai hawana akili. Nami nakuambia, mwanangu, alikuwa ndiye mtu pekee mwenye akili pale.

Hatimaye nilikwenda na baba yako. Gaspari alimpa kiti na kumwuliza habari za mvua na za shamba. Mimi nilisimama. Baiskeli ililetwa, nyeusi, inang'aa. Nikainama kuitazama, nikaona kwenye foku, ule uma wa mbele unaoshika gurudumu, rangi ni nene kuliko kwingine. Nikasema, "Hapa rangi imezidi." Gaspari akamjibu baba yako. Mimi nilisema, yeye akamjibu baba yako. "Mzee, ni rangi ya kiwandani hiyo." Nikaomba niizungushe kidogo pale nje. Akasema hapo si kiwanja cha michezo, na kama hatuitaki wapo wanaoitaka. Wapo kweli, tuliwaona mlangoni. Tukaichukua. Na wakati wa kutoka nikamwambia, "Asante sana, Bwana Gaspari." Neno hilo bado linanikera mpaka leo.

Sitakudanganya kwamba ile baiskeli haikuwa furaha. Maziwa yalifika yakiwa ya asubuhi. Watu wa barabarani walisimama kunitazama, wengine wakanizomea, lakini baada ya muda wakazoea, na wasichana wa shule wakawa wananipungia mkono. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Nilikuwa nakupakia kwenye keria, nakuacha shuleni, naendelea mjini.

Siku ya kuanguka unaikumbuka kwa namna yako. Wewe unakumbuka damu na mbwa aliyebweka. Mimi nakumbuka kwamba tulikuwa tunateremka ule mteremko wa kabla ya daraja, polepole, nimeshika breki, na ulikuwa unaniimbia wimbo wa shuleni. Hapakuwa na jiwe wala shimo. Nilisikia mlio mdogo chini ya mikono yangu, kama mtu amevunja kijiti, na mbele ya baiskeli pakazama. Nilikuangukia. Mkono wangu ulivunjika, na kidevu chako kilipasuka hadi mfupa ukaonekana. Hukulia. Ndilo lililoniogopesha kuliko vyote.

Tulipotoka hospitali, wewe umeshonwa na mimi nina plasta, nilikuta hukumu imekwisha kutolewa. Mtaa mzima ulikuwa unasema ndiyo matokeo ya mwanamke kupanda baiskeli. Bibi yako, huyo huyo uliyeenda kumuaga, alikuja akakaa jikoni akasema, "Umetaka kumuua mjukuu wangu kwa majivuno." Mwalimu wako alisema. Katekista alisema, na alisema mbele ya watu. Mimi mwenyewe nilianza kuamini. Nililala nikijiuliza nilikosea wapi, nilishika breki ipi, niliegemea upande gani.

Halafu siku moja nikaenda nyuma ya nyumba, ambako baba yako alikuwa ameitupa ile baiskeli, nikaiinua foku kwa mkono mmoja mzima nikaitazama palipovunjika. Nusu ya mvunjiko ilikuwa nyeupe, mpya. Nusu ya pili ilikuwa na kutu, kutu nyekundu ya zamani, na juu yake pamechomelewa, na juu ya kuchomelea pamepakwa rangi. Ilikuwa imevunjika kabla sijaijua. Aliyeniuzia alijua imevunjika. Aliificha kwa brashi, akamkalisha baba yako kwenye kiti, akatuuzia.

Sikulia, Paskalina. Nilihisi kitu kimenyooka mgongoni. Nilimwita baba yako, nikamwonyesha. Akaishika, akaigeuza, akakaa chini. Akasema tu, "Twende."

Tulikwenda, na wewe tukakuchukua. Gaspari alikuwa na wateja. Niliiweka ile foku juu ya kaunta yake, nikaweka na mkono wangu wenye plasta pembeni yake. Nikamwambia, "Ulituuzia hii ikiwa imechomelewa." Hakuigusa. Akasema, "Mama, baiskeli ilitoka hapa nzima. Umeibebesha mzigo wa lori." Nikamwambia mzigo ulikuwa maziwa na mtoto. Akasema, "Na wewe mwenyewe je? Jiangalie ulivyo." Watu wakacheka tena. Nilikuwa nimeshika mtoto aliyeshonwa kidevu, ulikuwa umesimama pale na kitambaa usoni, na watu wazima wakacheka.

Gaspari akamgeukia baba yako. "Mzee, mchukue mkeo."

Unamjua baba yako. Anaweza kumaliza siku nzima bila kusema neno. Alimwambia, "Baiskeli ni yake. Ongea na yeye."

Sijawahi kumwambia baba yako kwamba neno hilo limenitunza miaka yote hii. Labda wewe utamwambia siku moja, mimi naona aibu.

Tulifukuzwa. Nikaenda ofisi ya serikali kushtaki. Aliyenisikiliza ni yule karani wa viatu vizuri. Akasema, "Tutamwita." Hawakumwita. Nikarudi tena, akasema faili haionekani, na nje, chini ya dirisha lake, ilikuwa imeegeshwa ile baiskeli yake nzima kabisa.

Hapo nikafanya lililobaki. Siku ya mnada nilichukua maziwa yangu, kwa miguu kama zamani, nikakaa ng'ambo ya barabara mkabala na duka. Foku nikailaza mbele yangu juu ya gunia. Sikupiga kelele. Mtu akitoka na baiskeli mpya namwambia, "Kaka, kwaruza rangi kabla hujaondoka. Hapo chini ya mpini." Wengine walinipita. Mmoja akanitukana. Mwingine, kijana wa Kinyaturu aliyekuja kufanya kazi mashambani, alisimama, akatoa ufunguo mfukoni, akakwaruza. Ilikuwa nzima. Akaniambia, "Mama, umenitia wasiwasi bure." Nikamwambia, "Afadhali."

Gaspari akamtuma mgambo kuniondoa. Mgambo akaja na fimbo yake.

"Unauza nini hapa?"

"Maziwa."

"Na hicho chuma?"

"Hicho siuzi."

Akakitazama. Akauliza kilitoka wapi, nikamweleza. Akanunua kikombe cha maziwa, akanywa amesimama, akaondoka zake. Sikumwona tena.

Mnada uliofuata Lemayian alikuja. Aliiona ile foku, akachuchumaa, akapitisha kidole palipovunjika. Kisha akafungua mkoba, akatoa ile tyubu yenye kiraka, bado imekunjwa vilevile, akailaza juu ya gunia karibu na foku. Akaniita mama kwa lugha yake, "Yeyo, nakaa na wewe." Akakaa. Wenzake wakipita aliwaambia kwa Kimasai, na walikuwa wengi, kwa kuwa wote walikuwa wamewahi kusimamishwa nje juani. Wale wa Mbulu niliwaambia mimi kwa Kiiraqw. Wa Singida waliambiana wenyewe. Tukawa hatuna haja ya kupaza sauti.

Ikafika wakati mtu hanunui bila kukwaruza. Wakawa wanakwaruza mle mle dukani, juu ya kaunta, mbele ya macho yake. Na siku moja ikapatikana. Mwalimu mmoja kutoka upande wa Loliondo, aliyesafiri safari nzima kwa ajili ya baiskeli, akakwaruza foku, ukatokea mshono.  Aliiinua baiskeli nzima, akaitoa nje, akaiweka katikati ya barabara ili kila mtu aone. Watu wa kwenye benchi hawakucheka. Mmoja wao, nilimwona kwa macho yangu, alishuka kwenye benchi na kwenda kukwaruza ya kwake.

Ungedhani hapo mambo yakaisha. Ndipo ulipokuja mwaka wa misako, watu wakawa wanakamatwa kwa kuficha bidhaa. Wakaja wanaume wawili wa msako hapa nyumbani na gari. Walikuwa na adabu, wakakaa, wakaniita mama. Wakasema wamesikia nina ugomvi na Gaspari. Nikaleta foku, nikawaonyesha, nikakuita uje uwaonyeshe kidevu. Mmoja akasema, "Hayo tuyaache kwanza. Uliona baiskeli zimefichwa nyumbani kwake? Chini ya kitanda, kwenye shimo, popote?" Nikasema sijawahi kufika nyumbani kwake. Akaniambia taratibu, "Mama, ukisema uliona, inatosha. Utakuwa umelipiza."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kusema niliona ghala zima. Nakuambia ukweli, neno lilifika mdomoni. Lakini nikamwangalia yule mtu, alivyokuwa hajakutazama wewe hata mara moja, nikaona kwamba yeye na Gaspari hawapishani. Mmoja alitaka fahali wangu, mwingine anataka mdomo wangu, na hakuna anayetaka kujua mtoto wangu alianguka kwa nini. Nikasema, "Nilichokiona ni hiki chuma. Andikeni hiki." Hawakuandika. Wakaniambia napoteza bahati, wakaondoka. Gaspari walimchukua hata hivyo, wakamweka ndani, kisha wakamwachia.

Alipotoka alinijia pale kwenye gunia langu. Alikuwa amekonda. Alibeba foku mpya, bado na karatasi ya mafuta ya kiwandani. Akasema, "Nimesikia hukunisingizia. Chukua hii, tuyamalize." Nikamwambia foku naichukua kwa sababu ni haki yangu, na kuhusu kuyamaliza, mtoto wangu anaitwa Paskalina, anatoka shule saa nane, angoje amwombe radhi. Alisimama akaangalia barabara. Naamini alikuwa anapima. Akasema, "Kumwomba radhi mtoto?" Akaondoka kabla hujafika.

Basi hukuombwa radhi, mwanangu. Si na yeye, si na ofisi, si na katekista, na bibi yako mpaka leo anasema ulianguka kwa sababu ya majivuno yangu. Nilifunga ile foku mpya, nikaendesha tena, na wewe ukakataa kupanda nyuma kwa miezi mingi. Nilikuwa nikikuona unatembea pembeni ya barabara na begi lako, nami nasukuma baiskeli pembeni yako ili tusiachane. Hilo ndilo alilotuchukulia, na hakuna duka linalouza cha kulipia.

Sasa wewe unakwenda kuuza. Tajiri wako simjui. Huenda ni mtu mwema, ninaomba awe mwema. Lakini najua atakufundisha lugha ya dukani, kwamba njoo kesho, mzigo haujafika, ikitoka kaunta hairudi. Utaisema, kwa sababu utakuwa mgeni na utataka kazi. Na siku moja ataingia mwanamke mwenye vumbi miguuni aliyetoka mbali, atauliza swali, na utaona watu waliokaa wanangoja wewe uwape cha kuchekea. Mjibu yeye. Usimjibu mume wake. Ndani ya duka hilo huyo ndiye mimi, na ukimcheka nitajua, hata kama hakuna atakayeniambia.

Na kama ikitokea siku ukapewa kopo la rangi na brashi, ukaambiwa upake mahali fulani kabla mteja hajaja, liweke kopo chini, upande basi urudi nyumbani. Najua tunauhitaji mshahara wako. Baba yako anaujua zaidi, mgongo wake sasa haumruhusu shamba. Tumeshazungumza, mimi na yeye, na jibu lake lilikuwa fupi kama kawaida. Hatutakuuliza kwa nini umerudi. Utakuta ugali mezani, tutasogea, utakaa.

Nakusikia unakuja, unaongea na mbwa pale kwenye kona. Naikunja barua hii niitie katikati ya nguo zako, chini ya gauni la bluu. Usiisome mbele ya watu.

Mama yako.